Picha Iliyozidi

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu kabla ya kufunga: kuhamisha picha za harusi ya Nanyama kutoka kwenye kadi ya kamera, nimchagulie za albamu, kisha niende zangu nyumbani nikapike. Kazi ya dakika kumi. Nimeifanya miaka kumi na minane, hata nikifumba macho naifanya.

Kibanda changu kiko ghorofa ya kwanza, jengo la zamani nyuma ya Barabara ya Biashara, Nairobi, jirani na Shiru anayeuza fremu. Mimi naitwa Waridi, ila wateja huniita Mama Mahira. Nimezaliwa Mombasa, na mdomo wangu ni mkali, sikatai. Anayetaka kubembelezwa na aende kwa mwingine.

Kadi ya kamera huisomi hivihivi. Unahitaji rida, kile kidude cha plastiki chenye tundu: kadi unaichomeka upande huu, waya unauingiza kwenye kompyuta upande ule, picha zinahama. Yangu ni ya buluu. Mgongoni ina kipande cha plasta nyeupe, na juu ya plasta pameandikwa kwa kalamu: MAHIRA. Ilikuwa ya binti yangu.

Nikaichomeka kadi ya Nanyama. Nikahesabu, kwa sababu mpiga picha asiyehesabu anajitafutia ugomvi na wenye harusi. Picha mia mbili na kumi na mbili. Nikabonyeza zinakiliwe, nikainuka kuwasha taa, maana nje giza lilikuwa linaingia.

Niliporudi kuketi, kompyuta ilikuwa imeandika mia mbili na kumi na tatu.

Lo, nikasema, macho haya yameanza kuzeeka.

Nikahesabu upya, moja moja, kwa kidole.

Mia mbili na kumi na tatu.

Ile iliyozidi ilikuwa ya mwisho kabisa. Picha zote za Nanyama zilianza na herufi za kamera yake, DSC, kama zilivyo kamera nyingi. Hii moja ilianza na MAH. Namba yake 0417.

Kamera ya namna hiyo niliijua moja tu. Mwenyewe alikaa hapo kwenye kigoda, akaibadilisha ili kila picha yake ianze na jina lake. "Mama, siku nikiwa maarufu, watu wajue hizi ni za nani." Nikamwambia kwanza awe maarufu kwa kuosha vyombo. Akacheka mpaka akakaribia kuanguka.

Mahira wangu alikuwa na miezi minane kaburini.

*

Alikuwa na miaka ishirini. Alikwenda mtaa wa Hurlingham kupiga picha za sherehe ya mtoto, na saa kumi na mbili na dakika arobaini za jioni, akivuka Barabara ya Argwings Kodhek, gari likampiga. Halikusubiri. Waliomkuta walisema kamera ilikuwa bado shingoni, lakini tundu la kadi lilikuwa wazi na kadi haimo. Faili likafunguliwa, faili likalala.

Nilimwosha mwenyewe. Nikaishika mikono yake yote miwili, na ule wa kulia nikaushika zaidi, penye lile kovu la mafuta ya mahamri kwenye kifundo, lililofanana na nusu mwezi. Alilipata akiwa na miaka saba, akinisaidia jikoni bila kuombwa.

Tangu siku hiyo kila nikiswali magharibi nilimwomba Mungu kitu kimoja. Sikuomba subira. Sikuomba nguvu. Niliomba jina la aliyemuua mwanangu, na nilijua vizuri kabisa kwamba nikilipata sitalipeleka polisi.

Basi nikaifungua ile picha.

Barabara. Jioni. Miti ya Hurlingham pande zote mbili, na mbali, taa mbili za gari. Hayo tu. Pembeni kompyuta ilionyesha saa ilipopigwa: kumi na mbili na dakika arobaini.

Ndipo rida ikalia. Kidude kile hakina kengele wala spika, lakini kililia. Krr. Krr. Krr. Krr. Krr. Krr. Krr.

Mara saba. Sauti ya kamera iliyowekwa kupiga mfululizo, kidole kikiwa kimeganda juu ya kitufe.

Na harufu ikaja. Kwanza mpira wa tairi ulioungua. Kisha, chini yake, mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, yale niliyokuwa nikimpaka mwanangu kichwani kila Alhamisi.

"Mahira?" nikanong'ona.

Karafuu ikazidi.

Wallahi sikuogopa. Mtu mwingine angekimbia, angeita shehe, angeita padri, angeita wote wawili. Mimi nilielewa. Zilikuwa picha saba, na mwanangu alikuwa ananiletea moja moja.

*

Zilikuja polepole. Nilijaribu kadi zangu mwenyewe, hazikuleta kitu. Ilikuwa lazima iwe kadi ya mteja, na lazima iwe jioni, taa za mji zikiwashwa. Ya pili ilikuja na kadi ya mwalimu mmoja anayekaa mtaa wa Karen: taa za gari zilikuwa zimesogea. Ya tatu zikasogea tena. Ya nne nikaona gari ni jeupe. Ya tano namba ya gari ilionekana, lakini ilikuwa imevurugika kwa mwendo, kama wino uliomwagiwa maji. Niliikuza, niliinoa, nililia, haikusomeka. Ya sita ilijaa kioo cha mbele, chote mwanga, hakuna uso.

Ikabaki moja.

Nikawa mtu wa ajabu. Wateja waliozoea kutukanwa wakichelewa kufuata picha zao, sasa niliwaita mama, niliwaita mpenzi, njoo jioni uje na kadi yako. Shiru akaniuliza kupitia ukuta wa mbao, "Mama Mahi, kwani unachoma nini huko? Kunanuka tairi." Nikamwambia afunge pua.

Sasa nimtaje Mzee Zachariah. Alikuwa karani wa kanisa moja huko Muthangari, mtu wa miaka hamsini na kitu, sweta ya kijivu, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Kanisani ndiye aliyepiga picha za ubatizo kwa kamera ndogo, na kila Ijumaa jioni aliniletea kadi. Alianza kuja baada ya arobaini ya Mahira. Hakuja mikono mitupu hata siku moja. Alileta nduma, sisi wa pwani twaziita majimbi, za shambani kwake, zimechemshwa, zimefungwa kwenye gazeti, bado zina joto. Tulikula pamoja, mimi huku na yeye kule mezani. Alikuwa haongei sana. Kuna siku nililia mbele yake bila sababu, naye akatazama sakafu mpaka nikamaliza. Nilimpenda kwa hilo.

Ijumaa hiyo alifika kama kawaida.

"Mama Mahira, habari ya jioni."

"Njema, mzee. Lete kadi."

Picha thelathini na nane za ubatizo. Nikanakili. Yeye akafungua gazeti lake, akaanza kumenya nduma.

Kompyuta ikaandika thelathini na tisa.

MAH_0423.

Kioo cha kompyuta kilinielekea mimi, yeye hakuona. Nikaifungua. Kioo cha gari, safari hii upande mmoja hauna mwanga. Upande huo mwanamume, mdomo wazi, macho yamemtoka, anaitazama kamera moja kwa moja. Anamtazama mwanangu. Sweta ya kijivu.

Nikainua macho. Alikuwa ananisogezea kipande cha nduma.

Nitawaambia nilichohisi. Nilihisi kuitapika kila nduma aliyonilisha, miezi yote ile. Nilihisi kumrukia. Alikuja kukaa hapa, kwenye kigoda cha mwanangu, akala na mimi, akanitazama nikilia! Chuki ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

Naye ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Mama Mahira... kuna jambo nataka kukwambia. Nimelibeba siku nyingi."

"Kesho."

"Ni jambo zito, mama. Nikilala nalo tena..."

"Nimesema kesho, mzee. Njoo kesho jioni. Leo nina kazi."

Akakunja gazeti. "Sawa. Kesho. Nitajaribu nije na mtu."

Sikuuliza mtu gani. Nilitaka aondoke, maana kazi niliyoisema ilikuwa ya kweli.

*

Huku Nairobi Mkristo akizikwa, picha yake huwekwa juu ya jeneza, kubwa, ndani ya fremu. Chini yake huandikwa tarehe mbili: Macheo, siku aliyozaliwa, na Machweo, siku aliyokufa. Sisi Waislamu hatuna hayo, lakini nimewatengenezea wengine mamia kwa mamia. Mara nyingi familia haina picha ya marehemu akiwa peke yake. Wanaleta ya harusi, ya mahafali, amebanwa katikati ya watu. Tunamkata. Mkono wa shemeji uliopita begani, tunauondoa. Bega la jirani, tunaliondoa. Mpaka anabaki peke yake.

Marehemu Hafiz, aliyenifundisha kazi, alinikataza jambo moja tu. Usiandike tarehe ya pili kwa mtu anayepumua. Hata kwa utani. Hata kwa kujaribu printa. Nilipomuuliza kwa nini, alikataa kusema, na siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Watu wanadhani uchawi lazima uwe na kibuyu na kuku mweusi. Mimi nilikuwa na printa.

Nikaichukua ile picha ya saba. Uso wake ulikuwa upande mmoja wa kioo. Pembeni palikuwa na vitu vimeingia, mkono wa mtu, kitu cheusi, mambo ya kuharibu picha. Nikavikata. Sikuvitazama. Ukianza kutazama kila mkono unaoukata, hutafunga kazi hata moja.

Macheo nilikuwa nayo, aliwahi kunipa kitambulisho chake nikitoe nakala.

Machweo nikaandika tarehe ya kesho yake, Jumamosi.

Printa ikaanza kuvuta karatasi. Rida, isiyo na kadi ndani, ikalia mara moja. Krr. Nikailaza rida juu ya uso wa mzee, nikasema, "Mahira, mwanangu. Mtu wako huyu hapa. Mchukue."

Nikaenda kwa Shiru kuchukua fremu, mpya, vanishi yake haijakauka vizuri. Akanifuata mpaka kibandani, akaona ninachokitia ndani.

"Ai! Si huyu ni yule mzee wa nduma? Kwani amekufa?"

"Bado."

Akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

*

Jumamosi nilikaa nikimsubiri. Fremu niliitundika ukutani, imegeuzwa. Saa kumi na mbili na nusu. Dakika thelathini na tano. Nje watu walikuwa wanafunga maduka, mabati yanashushwa.

Dakika arobaini.

Krr.

Mara moja. Nguvu. Kama mlango unaofungwa.

Kisha ile harufu ya tairi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Na ya karafuu nayo ikaenda.

Mzee Zachariah hakuja. Na mimi nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi mpaka nikatabasamu peke yangu, na usiku ule nililala usingizi wa kwanza tangu nimzike mwanangu.

Jumatatu jioni aliingia mwanamke. Mnene kidogo, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu. Alisimama mlangoni kama anayeogopa kukanyaga ndani.

"Hapa ndipo kwa Mama Mahira?"

"Ndipo. Karibu."

"Mimi ni Virginia. Mke wa Zachariah. Alikuwa anakuja kwako na picha za kanisa." Akaukaza mtandio wake mabegani. "Ametuacha. Jumamosi."

"Pole," nikasema. Neno lilitoka jepesi kama makapi.

"Alikuwa anakuja huku. Alishukia Hurlingham, sijui kwa nini, si njia yake. Waliomwona wanasema alisimama tu kando ya barabara. Akainua mkono hivi." Akauweka mkono wake mbele ya macho. "Kama mtu anayemulikwa na kamera usoni. Akaanguka. Hakuna gari lililomgusa, mama. Hakuna."

"Alikuwa peke yake?"

Akainamisha kichwa. "Alitaka nije naye. Nilikataa."

Akatoa kamera ndogo ya marehemu kwenye mkoba. Alitaka nimtafutie picha nzuri ya kuweka juu ya jeneza. Na hapo, jamani, ulimi wangu ukanishinda. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuchukua kazi, nikamtengenezea nyingine, naye asijue maisha yake yote. Lakini nilitaka mtu wa nyumba ile aone. Nilitaka wajue kwamba wamelipwa.

"Weka kamera yako," nikasema. "Picha yake iko tayari."

Nikaishusha fremu, nikamgeuzia.

Aliishika kwa mikono miwili. Akasoma Macheo. Akasoma Machweo. Midomo yake ilikwenda taratibu.

"Nani... nani alikuja kukwambia?"

"Hakuna aliyekuja."

"Umeitengeneza lini?"

"Ijumaa."

Nilimsikia Shiru akikohoa kule kwake.

Virginia hakupiga kelele. Aliileta fremu karibu na macho, akautazama uso wa mumewe, ule mdomo ulio wazi. Kisha akatazama nyuma ya kichwa chake, kwenye kipande cha kiti ambacho sikukikata.

"Hiki ni kiti cha gari langu," akasema.

"La mume wako."

"Langu." Sauti yake ilishuka mpaka ikawa pumzi. "Zachariah hakujua kuendesha, mama. Hajawahi kushika usukani maisha yake yote."

*

Sijui nilifikaje kwenye kompyuta. Nikafungua folda siyo, nikafunga, nikafungua nyingine. Nikaipata ile nzima, ambayo haijakatwa. MAH_0423.

Magari ya nchi hii usukani wake uko kulia. Ukilitazama gari kwa mbele, dereva anakuwa mkono wako wa kushoto. Mtoto mdogo anajua hilo. Mimi ni mpiga picha.

Zachariah alikuwa mkono wangu wa kulia.

Ule mkono nilioukata, sasa niliutazama. Ulikuwa wake mwenyewe, umenyooka kuvuka gari, unauvuta usukani kwa nguvu zote. Na juu ya usukani, mikono mingine miwili, iliyoushikilia, haitaki kuuachia. Uso wa mwenye mikono hiyo ulifunikwa na mwanga. Kwenye kidole kimoja palikuwa na pete yenye jiwe jekundu.

Nikageuka. Pete yenye jiwe jekundu ilikuwa mbele yangu, imeishika fremu yangu.

"Alikuwa anapiga kelele nisimame," Virginia akanong'ona. "Tulikuwa tumegombana. Nilikuwa namtazama yeye, sikuitazama barabara. Halafu... ule mwanga wa kamera." Akafumba macho. "Tulishuka. Yeye alipiga magoti, akamfumba macho mtoto wako, akamwambia pole. Mimi nilitoa kadi kwenye kamera. Nikaitia kwenye jiko la makaa usiku uleule, ikayeyuka naiona. Kwa hivyo niambie, mama. Hii picha umeitoa wapi?"

Mawazo yangu yalikuwa kwa Zachariah.

Kila Ijumaa, yule mzee alikuwa anakuja kuniambia. Alikuwa anapanda ngazi zile na maneno mdomoni, anakuta ninalia, anayameza, anamenya nduma. Na siku alipoyatoa nikamwambia kesho. Ee Mola wangu. Nikamwambia kesho, na kesho yake nilikuwa nimeshaiandika mimi.

Nilimtazama Virginia. Nilitaka kumshika koo, wallahi nilitaka. Huyu ndiye. Huyu hapa, amesimama kwenye sakafu yangu, amevaa pete. Lakini mikono haikuinuka. Naye alikuwa ananitazama vilevile, hivyohivyo, kama anayenipima shingo.

"Wewe umeniulia mume," akasema.

"Wewe umeniulia mtoto."

"Basi tumelingana."

"Hatujalingana!" nikamkemea. "Wangu hakukosa kitu."

"Na wangu je?"

Mimi, Waridi, nikatazama sakafu.

Virginia akavua mtandio wake mabegani, akaifunga ile fremu taratibu kama anayefunga mtoto. Mlangoni akageuka.

"Nitaiweka juu ya jeneza," akasema. "Tarehe ni sahihi."

Akashuka ngazi. Kila mmoja wetu ana la kumpeleka mwenzake polisi, na hakuna hata mmoja atakayekwenda, kwa maana nani angemwamini yeye na fremu yake, au mimi na picha ya kadi iliyoungua?

*

Nilidhani yameishia hapo. Siku nne baadaye jioni mteja mmoja akaleta kadi yake, picha arobaini za mahafali. Nikahesabu. Nikanakili.

Arobaini na moja.

Nikasema, Mahira, umerudi, mama amekosea, umekuja kunisamehe. Nikashuka mpaka mwisho wa orodha.

Haikuanza na MAH.

ZAK_0001.

Lango la kanisa, Muthangari, jioni. Hakuna mtu.

Rida haikulia safari hii. Ila kibanda chote kilijaa harufu ya vanishi mbichi.

Ya pili ilikuja Jumanne: ile barabara ya Hurlingham, mahali palepale. Nikaitoa rida ya buluu, nikaifungia kwenye droo, nikanunua nyingine mpya. Ya tatu ikaja na hiyo mpya: mlango wa chini wa jengo letu. Ya nne, ngazi. Ya tano, ujia huu wa nje, fremu za Shiru zimepangwa ukutani, na mwisho wake, taa ya kibanda changu inawaka.

Jana imekuja ya sita. Ni mimi. Nimepigwa kutoka mlangoni, kwa nyuma, nimeinamia kompyuta, na shingo yangu inaonekana vizuri chini ya mtandio. Nilipoiona sikugeuka. Nilikaa vilevile mpaka Shiru akaniita tufunge.

Za mwanangu zilikuwa saba.

Pembeni mwa hii ya sita kuna mikono imeingia kwenye picha. Safari hii sikuikata. Niliikuza mpaka ikajaa kioo chote. Mmoja ni wa mwanamume, sweta ya kijivu. Wa pili ni mdogo, wa msichana, nao umeishika ile sweta kwa nguvu kwenye kiwiko. Kwenye kifundo chake kuna kovu linalofanana na nusu mwezi.

Nimeitazama tangu asubuhi. Nimeigeuza, nimeitia mwanga, nimeipunguza. Mahira amemshika Zachariah mkono. Lakini sijui, na picha haisemi, kama anamvuta arudi nyuma au anamwonyesha mlango ni upi.

Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu, taa za Barabara ya Biashara zimewaka. Ningeweza kufunga. Lakini ile ya saba ndiyo itakayoniambia mwanangu yuko upande wa nani, na mimi siwezi kuishi bila kuiona. Kuna mwanamke mlangoni, ana kadi ya kamera mkononi, anauliza kama bado ninahamisha picha saa hizi.

Nimemwambia aingie.